Masomo ya Nyumbani: Tupange Vipi Hatua Inayofuata kwa Watoto Wawili?



Katika ziara zetu za vijijini kuna swali moja ambalo limekuwa likiturudia. Mzazi anatukaribisha, anatutolea viti, halafu anasema: "Mlitusaidia tukaanza kumfundisha mtoto hapa nyumbani. Sasa tumefika hapa. Mbele twende wapi?" Ni swali la haki kabisa, na lazima tukiri kwamba lilitukuta bila jibu. Kuanza tulijua. Kuendelea ndiko kulikotutatiza.

Katika makala haya tungependa kueleza jinsi ya kupanga hatua inayofuata ya masomo ya nyumbani, hasa pale ambapo nyumba moja ina watoto wawili wanaofundishwa pamoja. Tutaeleza kwa kufuata familia moja ambayo tumetembea nayo. Wazazi wametupa ruhusa, lakini majina yao na kijiji chao hatutayataja.

MASOMO YA NYUMBANI NI YA NANI?

Tuanzie hapa kwa sababu watu huchanganya mambo. Wako wazazi, hasa mijini, wanaoamua kwa hiari yao kumfundisha mtoto nyumbani hata kama anaweza kwenda shule. Hao hatuwazungumzii leo. Tunazungumzia mtoto aliye nyumbani kwa sababu ulemavu, ugonjwa au umbali umemzuia kufika darasani.

Mtoto huyu ana haki kama wengine. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya kupata elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 54 kinazungumzia haki ya mtu mwenye ulemavu kufikia shule na vifaa vya elimu, tena akiwa ndani ya jamii kadiri mahitaji yake yanavyoruhusu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto ameandikishwa na anahudhuria shule, na inakataza shule kumbagua mtoto anayeomba nafasi. Nayo sera ya serikali ya 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu inatambua kwamba wengine watahitaji kufundishiwa nyumbani.

Kwa hivyo masomo ya nyumbani yasiwe mahali pa kumfichia mtoto. Tuyachukue kama daraja, na kila daraja lina ng'ambo yake. Kupanga hatua inayofuata ni kuuliza: ng'ambo ya mtoto huyu ni wapi?

FAMILIA YENYEWE

Baba ni kibarua wa mjengo Nairobi na hurudi mara moja kwa mwezi, akipata nauli. Mama analima robo ekari ya mahindi na maharagwe, na asubuhi anapika mandazi ya kuuza. Nyanya, mamake baba, anaishi katika boma hilo hilo. Watoto ni wawili.

Msichana ana miaka 12. Alichelewa kulia alipozaliwa, na baadaye hospitali ikasema ana mtindio wa ubongo. Mikono na miguu yake hukakamaa, hawezi kukaa bila kuegemezwa, na maneno yake hutoka kwa shida sana. Alikuwa hajawahi kukanyaga shule hata siku moja.

Mvulana ana miaka 9. Yeye ana ugonjwa wa selimundu, ule ambao wengi wetu huku magharibi tunauita sikoseli. Chembe nyekundu za damu yake hujikunja kama mundu, zinakwama katika mishipa midogo, na hapo maumivu yanaanza. Alisoma mpaka Gredi ya 2, lakini alikosa siku nyingi mpaka mwalimu na mama wote wakachoka. Akabaki nyumbani. Na tuseme waziwazi, maana kijijini maneno yalikuwa mengi: mtoto hurithi ugonjwa huu kutoka kwa baba na mama, wote wawili. Hakuna upande mmoja wa kulaumiwa, wala hakuna laana.

Miaka miwili kabla ya haya tunayoeleza, tulianzisha masomo pale nyumbani. Mwalimu mmoja mstaafu wa jumuiya yao alijitolea kuja Jumanne na Alhamisi. Siku nyingine mama aliendesha mwenyewe akimaliza kuuza mandazi. Masomo yalikuwa chini ya mwembe: watoto wawili pamoja, daftari moja, ratiba moja. Kila tulipotembelea tulimkuta mvulana akisoma kitabu kwa sauti, na dada yake akicheka palipo pa kucheka. Tulifurahi. Katika ripoti tuliandika: "Watoto wote wawili wanaendelea vizuri."

KOSA LETU

Mwezi wa Agosti mwaka jana mvulana alilazwa hospitalini siku kumi. Tulipofika kumjulia hali mama, tukauliza, na masomo ya msichana je? Mama akatuangalia. "Masomo gani? Mwenye kusoma si yuko wadi?"

Hapo ndipo macho yetu yalipofumbuka. Miaka miwili tulidhani tunafundisha watoto wawili. Kumbe tulikuwa tunafundisha mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa akimfundisha dada yake. Ni yeye aliyejua kwamba dada akifumba macho mara moja anasema ndiyo, na akigeuza uso anasema la. Ni yeye aliyejua kitabu kishikwe upande gani ili dada aone picha. Mambo hayo hakuna aliyeyaandika popote. Kijana alipougua, shule ya dada yake ikafungwa.

Nyanya akaongeza neno moja ambalo lilituuma. Alisema kuna siku mjukuu wake alikuwa na maumivu tangu asubuhi, lakini alinyamaza mpaka saa nane ili dada asikose somo. Mtoto wa miaka 9! Tulikuwa tumemgeuza mwalimu msaidizi bila mshahara na bila likizo, na sisi tunamsifu kwamba ana moyo mzuri.

Mama hakukosea. Waliokosea ni sisi tulioleta ratiba moja kwa watoto wawili ambao hawafanani kwa umri, kwa ugonjwa wala kwa mahitaji.

MKUTANO CHINI YA MWEMBE

Novemba, shule zikiwa zimefungwa na baba amekuja, tuliketi pamoja: wazazi, nyanya, yule mwalimu mstaafu na sisi wawili kutoka ofisi ya maendeleo. Watoto pia walikuwepo.

Baba alizungumza kwanza, tena kwa upole. "Mimi naona hivi. Kijana apelekwe bweni, asome bila kusumbuliwa, afidie ile miaka. Na huyu msichana, jamani, si ametosha? Anahesabu mpaka kumi. Mnataka nini zaidi?"

Hakuwa baba mbaya. Alikuwa anahesabu pesa alizo nazo, na aliona zinatosha mtoto mmoja. Wazazi wengi hufikiri vivyo hivyo, ila hawasemi.

Tulijadiliana karibu saa nzima, kila mtu akisema msichana afanyiwe nini. Ndipo mwalimu mstaafu akasema, "Lakini mwenyewe hatujamuuliza." Akachukua picha nne alizokuwa amekata kutoka kwa magazeti na kalenda kuukuu: kitabu, chakula, kitanda, na watoto wengi wakicheza uwanjani. Akaziweka mbele yake moja moja na kumwuliza anataka nini mwaka ujao. Msichana aliangalia ile ya watoto wengi. Mwalimu akazibadilisha mahali, akauliza tena. Akaangalia ile ile.

Mama akasema polepole, "Amechoka kutuona sisi tu." Baba hakusema kitu, lakini lile neno la "ametosha" hakulirudia tena.

Kutoka siku hiyo tulianza kupanga upya. Tunawapa hatua tano tulizofuata.

HATUA YA 1: ANDIKA MTOTO ANAWEZA NINI LEO

Wengi wetu tulisoma chini ya mtaala wa 8-4-4 ulioanza 1985, na mpaka leo tukimwona mtoto swali letu ni, "Uko darasa la ngapi?" Kwa mtoto wa masomo ya nyumbani swali hilo halisaidii. Chukua daftari, kila mtoto lake. Gawa ukurasa mara tatu: ANAWEZA PEKE YAKE, ANAWEZA AKISAIDIWA, BADO. Mwangalie mtoto kwa wiki moja kabla ya kujaza, na kila mtu wa nyumbani aseme alichoona.

Hivi ndivyo daftari la msichana lilivyokuwa.

Anaweza peke yake: kuelewa hadithi na maagizo, kujibu ndiyo na la kwa macho, kutambua sauti ya kila jirani.

Anaweza akisaidiwa: kukaa wima dakika kumi, kuchagua picha kwa kuiangalia, kuhesabu mpaka kumi mtu akimwonyesha vitu kimoja kimoja.

Bado: herufi, kueleza jambo ambalo hajaulizwa, kukaa na watoto nje ya boma.

Na la mvulana:

Anaweza peke yake: kusoma hadithi ya Kiswahili ya kurasa nne, kujumlisha na kutoa mpaka 100.

Anaweza akisaidiwa: kusoma Kiingereza, kuzidisha.

Bado: kuandika insha fupi, kufanya kazi na wenzake, kumwambia mtu mzima mapema kwamba maumivu yanaanza.

Tazama hilo la mwisho. Halimo katika kitabu chochote cha hesabu wala cha lugha, lakini kwa mtoto huyu linatangulia yote.

HATUA YA 2: MTOTO APIMWE

Daftari likishajaa, lipeleke pamoja na mtoto kwenye kituo cha tathmini ya elimu, kinachojulikana kwa herufi EARC. Vituo hivi vilianza Kenya 1984. Uliza kilipo katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yenu. Beba cheti cha kuzaliwa na kitabu cha kliniki.

Kwa nini daftari? Kwa sababu mtoto mwenye mtindio wa ubongo akifikishwa mahali pageni, amechoka kwa safari na mwili umekakamaa, haonyeshi hata nusu ya anayoyajua. Ndivyo ilivyokuwa kwa msichana wetu. Nusu saa ya kwanza hakujibu lolote. Mpimaji alisoma daftari, akaona habari ya kufumba macho, akauliza kwa njia hiyo. Msichana akaanza kujibu.

Hapa tusahihishe kosa moja kubwa. Mtindio wa ubongo hudhuru ile sehemu ya ubongo inayoongoza misuli. Wako watoto ambao ufahamu wao pia umeguswa, na wako ambao ufahamu wao ni mzima kabisa ila mwili hauwatii. Kwa kumwangalia tu huwezi kujua. Mtoto asiyeweza kusema si lazima awe hana la kusema.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kote nchini 2019, una njia mbili kwa watoto wenye mahitaji maalum. Mtoto anayeweza kufuata masomo ya kawaida akiongezewa muda au vifaa, hufuata gredi kama wenzake. Yule ambaye hawezi, hufuata njia ya viwango: kuna kiwango cha msingi, cha kati, cha kutayarishwa kwa ufundi na cha ufundi. Huko havuki kwa sababu ya umri, anavuka akishaweza. Hufundishwa mawasiliano, kujitunza, kutumia viungo vyake, matayarisho ya hesabu na mengineyo. Kumweka mtoto katika njia hii au ile ni kazi ya wapimaji. Sisi na majirani tusiwaamulie.

Msichana alipendekezewa aanze kiwango cha msingi, mawasiliano yakitangulizwa, halafu apimwe tena baada ya mwaka mmoja kuona kama anaweza kuhamia masomo ya kawaida.

HATUA YA 3: KILA MTOTO NJIA YAKE

Mvulana. Suala lilikuwa bweni au shule ya kutwa. Tuliuliza kliniki yake kabla ya kuamua, na hilo tunawasihi wazazi wote mlifanye. Mtoto wa selimundu anahitaji kunywa maji mara kwa mara, kujikinga na baridi, kulala ndani ya neti na kumeza dawa zake bila kuruka. Tena anahitaji mtu wa kumkimbiza hospitalini mara moja akipata homa, akiumwa na kifua au kupumua kwa shida, akipata maumivu yasiyotulia kwa dawa, au upande mmoja wa mwili ukilegea ghafla. Homa kwake haingoji asubuhi. Katika bweni lenye watoto mia tatu na mlezi mmoja wa usiku, nani atajua saa nane za usiku kwamba mtoto anachemka? Baba alipoelezwa hivyo na muuguzi, si na sisi, alikubali shule ya kutwa iliyo kilomita moja kutoka nyumbani.

Shule ilimjaribu kwa kusoma na hesabu ikampa Gredi ya 3. Pamoja na mama tuliandika barua ya ukurasa mmoja kwa mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa. Ilisema hivi: aruhusiwe chupa ya maji darasani na kwenda msalani anapoomba, avae sweta, asilazimishwe kukimbia mpaka achoke wala kunyeshewa, dalili za hatari ni hizi, na nambari ya simu ya mama ni hii. Kisha tukapanga siku za kukosa, kwa sababu zitakuwepo. Mtoto wa jirani wa darasa lake huleta kazi jioni, na mwalimu mstaafu huipitia naye akipata nafuu. Kwa hivyo masomo ya nyumbani kwa mvulana hayakwisha. Yamebaki ya akiba, kama mahindi ya ghala.

Msichana. Malengo yake ya muhula wa kwanza yalikuwa matatu tu, na yote yanapimika: kukaa wima dakika 30 kwenye kiti chake, kutumia picha 20 kuomba na kueleza mambo, kukaa na watoto wengine mara moja kila wiki.

Kiti kilitengenezwa na seremala kwa vipimo vya mwili wake, chenye mgongo mrefu, mikono, pahali pa kukanyagia na meza ndogo mbele. Msilidharau jambo la kiti. Mtoto anayeteleza hutumia nguvu zake zote asianguke, na haachi akili ya kusoma. Vilevile akilishwa akiwa amelala, chakula chaweza kuingia njia ya hewa.

Picha zilibandikwa juu ya katoni: maji, choo, uchungu, nimechoka, nataka kwenda nje, nyanya, baba, hapana, tena, na kadhalika. Chini ya kila picha pameandikwa neno lake kwa herufi kubwa, ili macho yazoee maandishi. Na juu ya katoni, kwa kalamu nyekundu, tuliandika: AKIFUMBA MACHO MARA MOJA NI NDIYO. AKIGEUZA USO NI LA. Sasa hata mgeni anaweza kuzungumza naye.

HATUA YA 4: NANI, SIKU GANI, KWA PESA GANI?

Mpango usio na jina la mtu pembeni ni maneno tu. Tukauliza kila mmoja, unaweza siku gani kwa kweli? Mama akasema Jumatatu na Jumatano, baada ya mandazi, yaani saa nne. Mwalimu mstaafu, Jumanne na Alhamisi. Nyanya hajui kusoma, lakini yeye ndiye bingwa wa hadithi, kwa hivyo jioni ni yake: anasimulia, anasimama katikati, na kumwuliza mjukuu kwa picha nini kitafuata. Jumamosi ni wasichana wawili wa jumuiya, kwa zamu. Kaka yake hakuandikwa. Akitaka kumsomea dada yake kwa mapenzi yake, vema, lakini si zamu yake.

Kila somo ni dakika 20, mara mbili au tatu kwa siku, tena ndani ya kazi za nyumbani. Mama akikata mandazi, msichana anahesabu na kuonyesha yapi makubwa. Akianika nguo, ni rangi na nguo ya nani. Mama ambaye ana shamba na biashara hawezi kuketi masaa matatu akifundisha, na asidanganywe kwamba lazima aweze.

Halafu pesa. Kuna shule yenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalum umbali wa kilomita 11. Tulipiga hesabu ya gari la kukodi: shilingi 400 kwenda na kurudi, siku tano ni 2,000, na kwa mwezi wa wiki nne ni 8,000. Ruzuku ya Inua Jamii kwa familia yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa ni 2,000 kwa mwezi. Ingelipa nauli ya wiki moja. Kitengo ni kizuri, lakini kwa sasa hakifikiki, na tuliona afadhali tuseme hivyo mbele ya wazazi kuliko kuwaahidi.

Tulichofanya ni kumsajili msichana katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambako mzazi pia anaweza kuomba kiti cha magurudumu. Wazazi wengi huogopa usajili huu wakidhani ni kumtia mtoto alama. Usajili ndio mlango wa misaada. Asiyeandikwa hahesabiwi.

Basi tukageukia ile shule ya karibu. Mwalimu mkuu alisita. Alisema madarasa yamejaa, na choo cha kumfaa mtoto huyo hakipo. Alisema kweli. Hatukwenda kumtajia sheria kwa ukali, ingawa iko. Tuliomba jambo dogo: Ijumaa, saa tano mpaka saa sita na nusu, kipindi cha sanaa na nyimbo, mama au nyanya akiwa karibu. Tuliomba awe Gredi ya 4, mahali ambapo kaka yake hayupo, ili asipewe tena kazi ya kumwangalia. Akakubali kwa majaribio ya muhula mmoja.

HATUA YA 5: ANGALIA TENA KILA LIKIZO

Shule zetu zina mihula mitatu. Likizo za Aprili, Agosti na Novemba ndizo nyakati nzuri za kufungua daftari, kuketi wote na kuuliza: lipi limewezekana, lipi halikuwezekana, na kwa nini? Lengo lililoshindikana lisifutwe kimya kimya. Huenda lilikuwa kubwa mno, huenda siku zilikosewa, huenda mtoto alikuwa mgonjwa.

Aprili mwaka huu tuliketi tena chini ya mwembe. Mvulana alikosa siku tisa katika muhula, na kazi za siku saba alizifidia nyumbani. Mara mbili alimwambia mwalimu mwenyewe kwamba anaanza kuumwa, na akapelekwa nyumbani mapema. Hatukulazwa, mama alisema hivyo, "hatukulazwa," kana kwamba ni wote.

Msichana anakaa dakika 25. Picha anazotumia ni 14, hazijafika 20. Herufi bado. Ijumaa alizofika shuleni ni saba, nyingine mvua ilifanya njia isipitike kwa kiti. Wiki ya kwanza watoto walimkodolea macho. Wiki ya nne waligombana nani amsukume. Mwalimu wa Gredi ya 4 ameomba anakiliwe ile katoni ya picha ili ibaki darasani.

Na baba? Alikuja Pasaka. Alisikia habari ya choo cha shule, akakaa kimya, kesho yake akaenda kuongea na mwalimu mkuu. Wazazi wa shule walichanga mifuko miwili ya saruji na yeye akajenga njia ya mteremko na kuweka vyuma vya kushikilia katika choo kimoja. Ni kazi aliyokuwa akiifanya kila siku huko mjini, kwenye majumba ya watu.

Hatuwezi kusema mambo yamekwisha. Mwalimu mstaafu ana shida ya magoti na ameanza kukosa Alhamisi. Ijumaa moja kwa wiki ni kidogo kwa msichana wa miaka 12 aliyesubiri muda wote huo. Agosti tutaomba ya pili. Lakini sasa kila mtoto ana daftari lake, na mmoja akilazwa, masomo ya mwingine yanaendelea.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Katika kijiji chetu kuna watoto wangapi walio nyumbani saa za shule? Tunawajua kwa majina?

2. Je, kuna mtoto anayebeba kazi ya kumlea au kumfundisha ndugu yake? Tunaweza kumpunguzia vipi?

3. Mara ya mwisho tulipopanga jambo kuhusu mtoto mwenye ulemavu, tulimwuliza yeye mwenyewe?

4. Shule yetu ya karibu ina choo na njia ambayo mtoto wa kiti cha magurudumu anaweza kutumia? Kama haina, ni fundi gani miongoni mwetu anayeweza kuanza?

Majibu yenu tuleteeni ofisini au mpeeni kiongozi wa jumuiya. Toleo lijalo tungependa kueleza jinsi ya kutengeneza kiti cha mtoto kwa mbao za hapa hapa nyumbani.